Kura ya siku moja, safari ya siku 1,317: Brexit ilikwama wapi hasa?

Mzee wa Ibara (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila Brexit ikitajwa humu mjadala huishia kwenye "wazungu walichanganyikiwa". Tuache utani. Toka kura ipigwe Juni 23, 2016 mpaka Uingereza inatoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020 ni siku 1,317, na karibu kila mkwamo uliotokea katikati una sababu unayoweza kuinyooshea kidole: kifungu cha sheria au hesabu za bungeni.

Nianze na karatasi ya kura yenyewe. Iliuliza jambo moja: nchi ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya au ijitoe. Visanduku viwili, weka alama, nenda zako. Kutoka kulipata kura 17,410,742, kubaki 16,141,241. Asilimia 51.9 kwa 48.1. Hakuna aliyeulizwa wakishatoka waelekee wapi. Wabaki kwenye soko la pamoja kama Norway? Wawe na umoja wa forodha kama Uturuki? Watafute mkataba wa biashara kama Kanada? Watoke mikono mitupu? Kila aliyetia alama ya kutoka alikuwa na safari yake kichwani. Shikeni hilo, maana ndilo litakalowaangusha bungeni 2019.

La pili ni sheria ya kura ya maoni ya 2015. Iliagiza kura ipigwe, ikaishia hapo. Haikumlazimisha waziri yeyote kufanya lolote na matokeo, wala haikuweka kiwango cha ushindi. Na si kwamba hawajui kuandika sheria ya namna hiyo. Mwaka 2011 walipopiga kura ya maoni kuhusu mfumo wa uchaguzi, sheria ilimtaka waziri autekeleze mfumo mpya endapo "ndiyo" ingeshinda. Mwaka 1979 Scotland, kwenye kura ya kuwa na bunge lake, iliwekewa sharti kwamba "ndiyo" ifikie asilimia 40 ya wote walioandikishwa. Ikapata asilimia 51.6 ya kura zilizopigwa, lakini asilimia 32.9 tu ya daftari, mpango ukafa. Sasa chukua kura za kutoka za 2016, gawanya kwa wapigakura milioni 46.5 walioandikishwa. Unapata asilimia 37.4. Kwa kipimo cha 1979 isingepita.

Juu ya hapo, serikali ya David Cameron, waziri mkuu wa wakati ule, haikuwaruhusu watumishi wa umma kuandaa mpango wa kutoka. Asubuhi ya Juni 24 Cameron akatangaza kung'atuka, na ofisini hapakuwa na jalada la kumrithisha mtu.

---

Kaskazi

Mkuu, nimeweka kambi. Swali la haraka: kama wananchi walishasema, kwa nini hawakutoka wiki hiyohiyo? Na kwa nini waliokuwa wanapigia debe kutoka walitawanyika kama kuku walioona mwewe?

---

wakili_msomi

Kaskazi, kwa sababu mlango wa kutokea una kufuli lake: Ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja wa Ulaya, iliyoingizwa na Mkataba wa Lisbon. Iko hivi. Nchi inaamua kujitoa kwa kufuata katiba yake. Inatoa notisi kwa Baraza la Ulaya. Notisi ikishapokelewa, saa inaanza kuhesabu miaka miwili. Ndani ya muda huo yanajadiliwa masharti ya kuachana. Bunge la Ulaya lazima liridhie. Miaka miwili ikiisha bila makubaliano, mikataba yote inakoma kwako siku hiyohiyo, labda wanachama wengine wote kwa kauli moja wakuongezee muda.

Umeona mtego? Kabla ya notisi mwenye nguvu ni anayetoka, maana wenzake hawana njia ya kumlazimisha aanze. Akishaikabidhi, kila siku inayopita inamuumiza yeye kuliko wao. Ndiyo maana Ulaya ilikataa katakata mazungumzo yoyote kabla ya notisi, na London ikasita.

Halafu likaja suala la nani ana mamlaka ya kuitoa. Serikali ilisema ni waziri mkuu, kwa mamlaka ya kale ya Taji katika mambo ya nje. Mfanyabiashara Gina Miller na wenzake wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: sheria ya Bunge ya 1972 ndiyo iliyowapa Waingereza haki za Ulaya, na haki iliyotolewa na Bunge haiondolewi kwa barua ya waziri. Mahakama Kuu ikawapa ushindi Novemba 3, 2016. Mahakama ya Juu ikaafiki Januari 24, 2017 kwa majaji 8 dhidi ya 3. Hukumu hiyohiyo ilisema, safari hii kwa sauti moja, kwamba mabunge ya Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hayana kura ya turufu. Scotland ilikuwa imechagua kubaki kwa asilimia 62, kwa hiyo pale ndipo kidonda cha uhuru kilipotoneshwa upya.

Muswada ukapita, na Machi 29, 2017 balozi Tim Barrow akampelekea Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, barua ya notisi kwa mkono. Miezi tisa ilikuwa imeshakwenda.

---

Mzee wa Ibara

Nimjibu Kaskazi kwenye lile la kuku. Tazama kalenda. Juni 25 kamishna wa Uingereza kule Brussels, Jonathan Hill, anajiuzulu. Juni 28 wabunge wa Labour wanapiga kura 172 kwa 40 kutokuwa na imani na kiongozi wao Jeremy Corbyn, naye anakatalia kitini. Juni 30 Boris Johnson, aliyeonekana kama mrithi wa Cameron, anajitoa kwenye kinyang'anyiro baada ya mwenzake wa kampeni Michael Gove kumgeuka. Julai 4 Nigel Farage anaacha uongozi wa UKIP, chama kilichopigania kutoka. Julai 11 Andrea Leadsom anajitoa kwenye kinyang'anyiro, Theresa May anabaki peke yake, na Julai 13 anaingia ikulu yao. Wiki tatu! Na May mwenyewe alikuwa upande wa kubaki.

---

Mama_Pauni

Mnasahau soko la fedha, na ndilo lililojibu kabla ya mwanasiasa yeyote. Vituo vya kura vilipofungwa pauni ilikuwa imepanda mpaka karibu dola 1.50. Baada ya saa sita usiku matokeo ya mji wa Sunderland yakatangazwa, asilimia 61 kutoka, pauni ikaanza kuporomoka hapohapo. Kufika asubuhi ilikuwa imegusa dola 1.32 na ushei, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985.

Kwa wanaotuma pesa nyumbani hesabu ni hii. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 101 za Kenya. Pauni 200 kwa dola 1.48 ni shilingi 29,900 hivi. Pauni 200 hizohizo kwa dola 1.33 ni kama 26,900. Shilingi 3,000 zimeyeyuka kabla wakala hajakata chake, na mshahara wa mtumaji kule London haujaongezeka hata peni. Agosti 4 Benki Kuu ya Uingereza ikashusha riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25. Riba ya chini haiipi sarafu nguvu, kwa hiyo aliyengoja pauni irudi haraka alingoja sana.

---

Dume la Mbegu

Mleta uzi, sikubaliani nawe kwamba tatizo lilikuwa karatasi ya kura. Tatizo ni uchaguzi wa Juni 8, 2017. May alikuwa na wingi bungeni, mdogo lakini upo. Akaitisha uchaguzi bila kulazimishwa na mtu, akatoka na viti 317 kati ya 650. Ikabidi aende kwa DUP ya Ireland Kaskazini, viti 10, na mezani ikawekwa pauni bilioni 1 kwa ajili ya jimbo lao. Kuanzia siku hiyo chama cha watu 10 kikawa na kura ya turufu kwenye suala la mpaka wa Ireland, kati ya jimbo hilo na Jamhuri ya Ireland iliyobaki Ulaya, yaani suala gumu kuliko yote. Na saa ya Ibara ya 50 ilikuwa tayari inakimbia! Angeitisha uchaguzi kwanza, notisi baadaye.

---

Mzee wa Ibara

Dume, la notisi kabla ya uchaguzi nakupa, lile lilikuwa kosa la mpangilio. Ila tazama namba. Januari 15, 2019 mkataba wa kuachana ambao May alikubaliana na Ulaya ulikataliwa bungeni kwa kura 432 dhidi ya 202. Ni pengo la kura 230, hakuna serikali ya kule iliyowahi kupigwa hivyo katika zama hizi. Wabunge wa chama chake mwenyewe walioukataa walikuwa 118. Mpe viti 30 zaidi, wape wote wamtii, bado anaanguka. Baadhi ya hao 118 walitaka kutoka kwa ukali zaidi, wengine walitaka kubaki, wakapitia ukumbi mmoja wa "hapana" (kule wabunge hupiga kura kwa kupita ukumbi wa ndiyo au wa hapana). Ndilo lile swali ambalo karatasi haikuuliza.

Dalili ya wazi zaidi ni Machi 27, 2019. Bunge likaichukua ratiba mikononi mwa serikali, likajipigia kura za kupima upepo. Badala ya kupita kwenye kumbi mbili kengele ikilia, kila mbunge alipewa karatasi yenye hoja 8 na nusu saa ya kujaza ndiyo au hapana kwa kila moja. Matokeo: hoja zote 8 zikashindwa. Kutoka bila mkataba kulipigwa 400 kwa 160. Aprili 1 wakarudia na hoja 4: umoja wa forodha ukaanguka 276 kwa 273, kura ya maoni ya pili 292 kwa 280. Umoja wa forodha kwa kura 3 tu! Baadhi ya waliotaka kura ya pili hawakuunga mkono umoja wa forodha usije ukaua ndoto yao, na kinyume chake.

---

Kaskazi

Kwa nini May hakuendelea kuurudisha mkataba mpaka wabunge wachoke?

---

wakili_msomi

Alijaribu. Machi 12 ukapigwa tena, 391 kwa 242. Machi 18 Spika John Bercow akasimama akasema kuna kanuni ya tangu 1604: hoja ileile haiwezi kuletwa mara mbili ndani ya kikao kimoja cha Bunge bila kubadilika. Serikali ikazunguka kona. Mkataba ulikuwa na sehemu mbili, kitabu cha kurasa 585 cha masharti ya kuachana na tamko la kurasa 26 kuhusu uhusiano wa baadaye. Machi 29 wakaleta kile kitabu peke yake, kikawa "hoja mpya". Kikaanguka kwa kura 58. Siku hiyo ndiyo ilipaswa kuwa siku ya kutoka.

Na ujue kulikuwa na mlango wa nyuma. Desemba 10, 2018 Mahakama ya Ulaya iliamua, kwenye kesi iliyotokea Scotland, kwamba nchi inaweza kuifuta notisi yake yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo ukingoni mambo yalikuwa matatu tu: mkataba, kutoka bila mkataba, au kufuta notisi. Mengine yote, kura ya pili, uchaguzi, mazungumzo mapya, yalihitaji muda, na muda unatolewa na zile nchi wanachama 27 zilizobaki.

---

Baharia64

Wakuu, hebu shukeni bandarini. Mpaka wa Ireland una urefu wa kama kilomita 500 na barabara zaidi ya 200 zinazouvuka. Serikali ilitoa ahadi tatu: hakuna ukaguzi kwenye mpaka huo, kwa sababu ya makubaliano ya amani ya Ireland Kaskazini ya 1998, hakuna ukaguzi baharini kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza yenyewe, na nchi nzima inatoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha. Shika zozote mbili, ya tatu inadondoka. Bidhaa ikiwa na ushuru tofauti au viwango tofauti pande mbili, lazima ikaguliwe mahali fulani.

May alichagua kuiyumbisha ahadi ya kutoka: nchi nzima ingebaki ndani ya forodha ya pamoja mpaka ufumbuzi upatikane. Wakali wa chama chake wakasema huo ni mtego usio na mlango. Johnson, aliyemrithi May, akaitupa ahadi ya baharini. Ndipo lori la maziwa linaloshuka bandari za Larne au Belfast, Ireland Kaskazini, kutoka Uingereza likaanza kudaiwa tamko la forodha na cheti cha daktari wa mifugo, na ikazuka ile inayoitwa vita ya soseji, maana sheria za Ulaya zinazuia nyama mbichi iliyosagwa na kupozwa kuingia kutoka nje. Mwaka 2023 wakapunguza makali: mzigo unaobaki Ireland Kaskazini unapita njia ya kijani na karatasi chache, unaoendelea kusini unapita njia nyekundu. DUP walikuwa wameisusia serikali ya jimbo tangu Februari 2022, wakarudi Februari 2024.

Kuhusu maandalizi ya kutoka bila mkataba sina la kusema zaidi ya hili: kampuni moja isiyo na meli hata moja ilipewa kandarasi ya feri ya pauni milioni 13.8. Ikafutwa kabla mzigo wowote haujavuka.

---

Dume la Mbegu

😂😂 Meli hewa. Nilidhani hayo mambo yapo kwetu tu.

Tuendelee. Johnson alitokaje kwenye kona ileile iliyommaliza May?

---

wakili_msomi

Alianza vibaya. Akaliahirisha Bunge kwa wiki tano, Mahakama ya Juu ikasema Septemba 24, 2019, majaji 11 kwa 0, kwamba ni batili na Bunge halikuwahi kuahirishwa. Akawafukuza wabunge 21 wa chama chake. Bunge likatunga sheria ya kumlazimisha, ifikapo Oktoba 19, awe ameiomba Ulaya imwongezee muda, na kwa kuwa hawakumwamini, maneno ya barua yenyewe yakaandikwa ndani ya jedwali la sheria. Akaituma nakala bila kuisaini, pamoja na barua ya pili yenye saini akisema kuongeza muda ni kosa. Muda ukaongezwa mpaka Januari 31.

Alitaka uchaguzi, lakini sheria ya 2011 ilidai theluthi mbili ya viti vyote, yaani kura 434. Akashindwa mara tatu. Mara ya nne hakuomba theluthi mbili: akaleta muswada mfupi wa kutaja tarehe ya uchaguzi tu, ambao unahitaji wingi wa kawaida. Ukapita 438 kwa 20. Desemba 12 akapata viti 365, wingi wa 80, na kwisha. Mkataba ukapita ndani ya wiki chache.

---

Waridi_Naivasha

Niongeze upande wetu wadau, maana sintofahamu ile ilitufikia. Julai 2016, wiki chache baada ya kura, Tanzania ilijiondoa kwenye kusaini mkataba wa ubia wa uchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya. Hoja zake zilikuwa kulinda viwanda, na Brexit ikawa sababu mojawapo: soko mnalofunguliana nalo linapungukiwa mnunuzi mkubwa. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba 1.

Tofauti ni hii. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ziko kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, zinaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo. Bila mkataba, waridi la Kenya lingelipa asilimia 8.5 hadi 12 kutegemea msimu, na mishiri (maharagwe mabichi) zaidi ya 10. Chai na kahawa mbichi haziguswi, ushuru wake ni sifuri kwa kila mtu, kwa hiyo mkulima wa Kericho hakuwa na sababu ya kukosa usingizi kwa hili.

Uingereza ilipotoka, Kenya ikahitaji mkataba wa pili wa kwake peke yake. Ulisainiwa London Desemba 8, 2020, siku 23 kabla kipindi cha mpito, ambacho sheria za Ulaya ziliendelea kutumika Uingereza, hakijaisha. Kumbuka maua mengi yetu hupitia mnada wa Uholanzi. Waridi lililokuwa likishuka Amsterdam na kuvuka kwenda Uingereza bila swali sasa linavuka mpaka wa forodha.

---

Kaskazi

Swali la mwisho. Nchi ikitaka kujitoa EAC kesho, yanaweza kutokea haya?

---

Mstaafu_wa_Reli

Ibara ya 145 ya mkataba wa EAC. Kwanza bunge la nchi hiyo lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, wote, na si waliohudhuria. Pili, notisi ya maandishi kwa Katibu Mkuu, miezi 12. Notisi inaweza kufutwa kabla ya miezi hiyo kwisha. Wenzetu wa Ulaya walihitaji mahakama iwaambie hilo, sisi limeandikwa. Katika miezi hiyo unaendelea kutimiza wajibu wako wote. Kwa hiyo bunge linakuwa mlangoni tangu mwanzo, na kesi kama ya Gina Miller inakosa pa kuanzia.

Mahali petu palipo wazi ni mali na madeni. Uingereza ilikubali kulipa kama pauni bilioni 39 kwa fomula iliyojadiliwa kipengele kwa kipengele: ahadi za bajeti, pensheni, dhamana. Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika 1977 ikiwa na reli, ndege, bandari na posta za pamoja, bila fomula yoyote. Msuluhishi Victor Umbricht, Mswisi, alihangaika nayo mpaka Mei 1984 ndipo mgawanyo uliposainiwa Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Malipo ya wafanyakazi yaliachiwa kila serikali ilipe watu wake, na mnajua wenyewe wazee wale walishinda mahakamani na barabarani miaka mingapi.

---

Kaskazi

Miaka saba kugawana mabehewa. Asante mzee, nimepata.